MikroTik, Ubiquiti, OpenWrt au Cisco ya mtumba: boksi gani la mtandao likufae ukipiga hesabu ya umeme na usalama

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye hosteli ya wanafunzi pale Changanyikeni alinipigia simu. "Mwanangu, nataka intaneti vyumba ishirini na nne, lakini usije ukaniletea dude linalokula LUKU." Nikamwambia sawa mama, na usalama je? Akacheka kweli kweli. "Usalama ninao, si kuna mlinzi getini."

Swali lake napigiwa kila wiki, mara na mwenye gesti, mara mkuu wa shule, mara kijana anataka kuuza vocha za wifi mtaani kwao, na wote wamekwama kati ya vitu vile vile vinne: MikroTik, Ubiquiti, OpenWrt, au ile Cisco ya mtumba jamaa anaiuza bei ya kutupa. Ukiuliza kwenye magrupu ya mafundi kila mtu atakutajia ile aliyojifunzia yeye na atakayebisha anatukanwa, kwa hiyo hapa naviweka vyote vinne kwenye mizani moja, halafu utachagua mwenyewe kulingana na ulipo.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Umeme ndio wa kwanza. Usisome maandishi ya kwenye adapta ukadhani ndio matumizi, adapta inakwambia inaweza kutoa kiasi gani, kifaa kinakula kiasi gani ni habari nyingine. Tafuta kile kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, chomeka kifaa, kiache nusu saa watu wakiwa wanakitumia, ndipo usome. Wati moja inayowaka usiku na mchana mwaka mzima ni kama uniti 8.8, kwa hiyo kifaa cha wati 5 ni uniti 44 kwa mwaka na cha wati 50 ni 438. Zidisha mwenyewe na bei ya uniti unayolipa.

Ila bili sio ishu kubwa, ishu kubwa ni giza. Chukua betri ya 12V 100Ah ile ya kawaida ya asidi, ambayo kwa afya yake usiimalize zaidi ya nusu, una kama 600Wh za kutumia. Kifaa cha wati 5 ukikilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kinakwenda siku tano. Kifaa cha wati 50 kinachotaka inveta, ukitoa na kile inveta inachojilia yenyewe, una saa kumi hivi, asubuhi wanafunzi wako mlangoni. Kwa hiyo la kuuliza sio wati tu, uliza pia kinakubali volti gani, maana kugeuza umeme wa betri kwenda 230V halafu adapta iurudishe tena kuwa 12V ni kumwaga maji njiani.

Usalama ni wa pili, na hapa kuna maswali mawili tu ya kweli. Kikitoka kwenye boksi kimefungwa au kiko wazi? Na je, bado kinapata apdeti, na kitazipata mpaka lini? Mei 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu rauta zilizoisha muda, zile mtengenezaji ameshaacha kuzitolea marekebisho, kwamba wahalifu wanaziteka na kuuza njia ya kupitia humo ili wao wajifiche nyuma ya intaneti yako. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inakataza kifaa cha mtandao cha mnunuzi wa kawaida kuja na nywila moja kwa wote, ile admin/admin tunayoijua. Umoja wa Ulaya nao wana sheria yao ya usalama wa vifaa vya kidijitali, imeanza Desemba 2024 na masharti yake makubwa yanabana Desemba 2027. Ni sheria za kwao, lakini kiwanda kikishabadilisha kwa ajili ya London na Berlin mara nyingi toleo hilo hilo ndilo tunaletewa na sisi.

Haya mawili, umeme na usalama, watu wanayatenga lakini site ni kitu kimoja. Miaka ya nyuma niliweka rauta juu ya paa la gesti fulani, nikaiacha inafunguka kutoka popote ili niwe naitengeneza nikiwa nyumbani, na sikuiapdeti zaidi ya mwaka. Kwa nini? Niliogopa. Umeme eneo lile ulikuwa unakatika katika, na umeme ukikatika katikati ya apdeti kifaa kinaweza kufa hapo hapo, na mimi nilikuwa mbali. Siku mteja analalamika intaneti nzito naingia nakuta akaunti nyingine humo ndani, jina silijui, na DNS, yaani kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa anwani, imebadilishwa inaelekea kusikojulikana. Sikumlaumu mtengenezaji, kosa langu mia kwa mia. Tangu siku hiyo betri kwangu inakuja kabla ya rauta, kwa sababu pasipo na betri hakuna fundi atakayebonyeza kitufe cha apdeti kwa amani.

Cha tatu ni fundi, yaani wewe usipokuwepo nani ataweza kuligusa hilo boksi. Na cha nne, ambacho watu hawakifikirii kabisa, pesa yako inakwenda kulisha nini. Ukinunua unampigia mtu kura, kwamba endelea kutengeneza vitu vya aina hii. Tukitaka vifaa vinavyokula kidogo na vilivyofungwa vizuri viendelee kubuniwa lazima kuna mahali pesa itoke, na sehemu yake inatoka kwetu.

MikroTik

Hii ni kampuni ya Latvia, iko Riga, ilianza mwaka 1996. Nadhani ndio inayojulikana zaidi kwa mafundi wetu, ukisema Winbox, ile programu ya kuipangilia, kila mtu anaelewa. Kwa mfano wetu tuchukue hEX, ile RB750Gr3, kiboksi kidogo cheupe chenye porti tano, bei yake ya orodha ilikuwa kama dola 60.

Umeme: hapa MikroTik ni noma. hEX inakula wati 5 bila kuchomekewa kitu kwenye USB, juu kabisa 10 ukichomeka, na inakubali kuanzia 8V mpaka 30V, iwe kwenye tundu la adapta au kupitia PoE, yaani umeme unapita kwenye waya ule ule wa mtandao. Maana yake betri ya 12V ikiwa imeshuka 11 au sola ikiwa imeipandisha 14 na ushee, boksi halina habari. Unaweka fyuzi, unachomeka, unaondoka. Mifumo ya 24V nayo inapita, ila kuwa makini kidogo maana betri za 24V zikiwa zinachajiwa zinaweza kusogelea huo mpaka wa 30.

Usalama: hapa panataka ukweli wote. Aprili 2018 kulitoka marekebisho ya tundu kwenye Winbox ambalo lilimruhusu mtu kusoma faili la nywila akiwa mbali. Dawa ilipatikana mapema, watu hawakuinywa. Agosti mwaka huo huo rauta kwa maelfu, Brazil zikiwa nyingi, zikakutwa zimepachikwa msimbo wa programu wa kuchimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia kompyuta za wateja. Halafu 2021 likaja jeshi la rauta zilizotekwa lililopewa jina Mēris, neno la Kilatvia lenye maana ya tauni, likaishambulia Yandex, kampuni ya intaneti ya Urusi, kwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde moja, na nyingi kati ya hizo ni zile zile za 2018 ambazo wenyewe waliziapdeti baadaye lakini nywila iliyoibwa hawakuibadili. Umeelewa hapo? Kuapdeti bila kubadili nywila ni kubadili kitasa na ufunguo ukabaki ule ule.

Siku hizi zinakuja na nywila ya kipekee kwenye stika, na zile za nyumbani zina faiawoli, yaani kizuizi cha wavamizi wa nje, tayari. Tatizo ni sisi. Fundi akiifungua tu cha kwanza anaifuta mipangilio yote ya kiwandani "aanze upya", na faiawoli inakwenda na maji hapo hapo, halafu anaweka anwani ya nje, ile inayoonekana kwenye intaneti nzima, na kuondoka. Nimekuta hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Fundi: unaweza kufanya karibu kila kitu, PPPoE ya kumpa kila mteja akaunti yake, hotispoti ya vocha, WireGuard ya kuingia kwa njia ya siri kutoka mbali kwenye RouterOS 7 (mfumo wao), bila kulipia leseni za mwaka. Lakini inataka mtu aliyejifunza, sio ya kubahatisha. Ikifa wakati wa apdeti kuna Netinstall, unaifufua kwa laptop na waya.

Pesa inakwenda: kwa kampuni inayobuni vitu vya bei ya chini na volti pana, wachache sana duniani wanahangaika na soko hilo. Programu yenyewe imefungwa, huwezi kuichungulia ndani.

Inamfaa anayeuza intaneti, mwenye site za sola, na mwenye fundi anayejua anachokifanya.

Ubiquiti

Hawa ni Wamarekani, wako New York. Wengi tunawajua kwa zile antena za kurusha kutoka paa mpaka paa, NanoStation na LiteBeam, na kwa akses pointi za UniFi, vile virusha wifi, zile sahani nyeupe zenye duara la bluu darini.

Umeme: antena zao zinakula kidogo, LiteBeam 5AC Gen2 haizidi wati 7. Akses pointi zinapanda kidogo, U6 Lite ni wati 12 juu kabisa. Shida ni volti. Antena zinataka 24V za PoE, akses pointi kama hiyo U6 Lite zinataka PoE ya kiwango cha 802.3af ambayo ni 48V hivi. Betri yako ni 12V. Kwa hiyo lazima kifaa cha kupandisha volti katikati, au betri mbili mfululizo kwa zile antena, na kila kifaa cha katikati kinakula chake na kinaongeza kitu kimoja cha kuharibika. Kama una umeme wa TANESCO unaotulia na UPS, haya yote hayakuhusu.

Usalama: apdeti zinakuja, na kwa UniFi unaziona zote kwenye skrini moja, unabonyeza mara moja vifaa kumi na tano vinajiapdeti kwa zamu. Hilo peke yake linawaokoa watu wengi maana fundi mvivu naye anaapdeti. Kidonda chao cha zamani ni 2016, minyoo ya programu iliingia kwenye antena ambazo wenyewe hawakuziapdeti, wakati marekebisho yalishatoka 2015. Cha karibuni ni Februari 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza imevunja jeshi la rauta zao za EdgeRouter lililokuwa linatumiwa na majasusi wa kijeshi wa Urusi, na mlango ulikuwa nini? Nywila ya kiwandani haikubadilishwa. Ndio hiyo tu.

Fundi: hii ndio rahisi kuliko zote nne. Mtu wa ofisi anayejua simu janja anaweza kuiongoza. Ila kumbuka ukurasa wa wageni, ule wa kuingiza vocha, unataka ile programu ya kuongoza iwe inawaka muda wote mahali fulani, kwa hiyo ongeza kompyuta au kiboksi chake kwenye hesabu ya wati. Watu wanasahau hilo halafu wanashangaa.

Pesa inakwenda: kwenye urahisi. Wamefanya mtandao uonekane kama kitu cha mtu wa kawaida na hiyo ni kazi kubwa. Lakini uko ndani ya nyumba yao, ukitaka kuchanganya na vya wengine vile vitufe vizuri vinapungua maana.

Inamfaa mwenye hoteli, shule ya mjini, zahanati, ofisi, yaani mahali penye umeme wa kueleweka na pasipo na fundi wa kudumu.

OpenWrt

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. OpenWrt sio kifaa, ni programu ya chanzo wazi ya kuweka ndani ya rauta. Ilianza 2004 baada ya kampuni ya Linksys kulazimika kuachia msimbo wa programu ya rauta yao WRT54G, kwa sababu ndani yake kulikuwa na Linux na leseni ya Linux inasema ukigawa lazima uonyeshe. Miaka yote hiyo ilikuwa unanunua rauta ya mtu mwingine, unang'oa programu yake, unaweka hii. Novemba 2024 ndio wakatoa kifaa chao wenyewe, OpenWrt One, wakishirikiana na shirika la Software Freedom Conservancy, kikatengenezwa na Banana Pi. Wakati kinatoka kilikuwa dola 89 na kasha lake, na katika kila kimoja dola 10 zinarudi kwenye mfuko wa mradi.

Umeme: OpenWrt One haina feni, inapokea 12V kwa USB-C au PoE kwenye porti yake ya 2.5G. Hiyo USB-C isikudanganye, chaja ya simu ya kawaida ya 5V haiwashi kitu, inataka ile inayoweza kutoa 12V. Na kwenye betri usichomeke ovyo, weka kile kigeuza volti cha kutuliza kwenye 12V. Hapa hEX inaishinda waziwazi. Kinachonifurahisha ni upande wa programu, kwa sababu uko huru unaandika ratiba yako, redio ya wifi izime saa sita usiku iwake saa kumi na moja alfajiri, shule moja ya kutwa haina sababu ya kurushia popo intaneti.

Usalama: msimbo uko wazi, mtu yeyote anaweza kuukagua, na rauta ambayo mtengenezaji ameshaitelekeza inaweza kuishi miaka mingine humu. Sio kwamba haina vidonda, Desemba 2024 mtafiti mmoja alikuta tundu kwenye sava yao ya kutengenezea apdeti, wakaliziba ndani ya saa chache na wakasema hadharani. Kwangu mimi hiyo "hadharani" ina uzito.

Na ile hofu yangu ya paa la gesti, OpenWrt One wameijibu vizuri sana. Ina hifadhi mbili, kubwa ya kazi na ndogo ya uokoaji, na kuna kiswichi. Apdeti ikiharibika unasukuma kiswichi, inawaka kutoka kwenye ile ndogo, unarudisha mfumo kwa USB. Kijana wa shule anaweza kuongozwa kwa simu afanye. Huo ndio ubunifu ninaouelewa mimi, sio spidi za kwenye boksi.

Upande wa rauta za kung'oa programu angalia sana kumbukumbu. Zile TL-WR841N za zamani zenye 4MB za hifadhi na 32MB za RAM zimebaki nyuma, matoleo mapya hayaingii, kwa hiyo ukiambiwa "hii inaingia OpenWrt" uliza toleo gani. Kama ni la miaka sita iliyopita, umebadilisha nguo lakini ugonjwa ni ule ule.

Fundi: kurasa zake za mipangilio ni za kueleweka, lakini vocha, bili, wateja mia, hayo unayajenga mwenyewe kipande kwa kipande. Fundi anayeipenda kazi atafurahi, fundi wa haraka haraka atakuchukia. Na siku akihama mji?

Pesa inakwenda: moja kwa moja kwenye kazi ambayo kesho yeyote anaweza kuichukua aiendeleze, awe Mwanza, Goma au Kisumu. Kama wewe ni mfadhili au taasisi inayosema inataka kusaidia ubunifu wa vifaa vya mtandao, hapa shilingi inaacha alama ndefu, sababu unachokilipia hakifungiwi kabatini.

Inamfaa mwalimu wa TEHAMA mwenye wanafunzi wadadisi, mtandao wa jamii, mtu anayetaka kujua ndani kuna nini.

Cisco ya mtumba

Nitaenda haraka. Mara nyingi utakayoletewa ni rauta za familia ya 2900 au swichi za Catalyst zilizotoka kwenye maofisi. Vyuma vizito, vimejengwa vikajengeka, bei ya kuchekesha.

Umeme: 2911 bila kuongezewa kadi yoyote ni kama wati 50, ina feni, inataka 230V. Ile hesabu ya juu ya saa kumi kwa betri ni ya kwake. Feni kwenye vumbi letu nayo utaisikia baada ya miezi sita, inaanza kulia kama cherehani.

Usalama: uuzaji wa familia hiyo ulifungwa Desemba 2017 na msaada ukaisha tarehe 31 Desemba 2022. Tundu jipya likigunduliwa leo hakuna anayekuja kuliziba. Swichi zao za zamani nazo zina kitu kinaitwa Smart Install, cha kuipangilia swichi mpya kutoka mbali, kinasikiliza porti 4786, na Aprili 2018 watu walikitumia kufuta mipangilio ya swichi Urusi na Iran na kuacha bendera ya Marekani kwenye skrini. Kama unayo, amri ya kwanza ni kuizima, "no vstack". Na kifaa chochote cha mtumba, wa kampuni yoyote, kifute kabisa kabla hujakitumia, mimi nimeshafungua kimoja nikakuta nywila na ramani nzima ya mtandao wa ofisi ya watu.

Fundi: waliosoma kwa mtaala wa Cisco ni wengi, kumpata mtu sio kazi. Uimara wake wa kubeba mzigo siku nzima bila kuyumba ni wa kweli, sitaki kuudharau.

Pesa inakwenda: kwa muuza mtumba. Umeokoa chuma kisitupwe, hilo ni jema, ila hakuna kipya ulichosaidia kuzaliwa.

Inamfaa mwanafunzi anayejiandaa na CCNA, mtihani wa cheti cha Cisco. Kwenye meza ya mazoezi, mbali na intaneti, ukimaliza unazima, hakuna cha kuishinda kwa bei hiyo.

Sasa wewe uko wapi?

Kijijini, sola peke yake, hakuna TANESCO: anza na volti. hEX kwenye betri moja kwa moja, na kama lazima urushe mbali weka antena ya 24V na kipandisha volti kimoja cha maana, sio vitatu vya bei rahisi. Kule Gulu, Uganda, shirika la BOSCO walianza miaka mingi iliyopita kuunganisha vituo vya vijijini kwa sola na wifi ya masafa marefu, kwa hiyo hili sio jaribio, limeshafanyika. Na kasha la nje liziba matundu yote, mjusi anapenda joto la rauta kuliko wewe unavyopenda intaneti.

Unauza vocha mtaani: MikroTik, ila mlipe mtu wa faiawoli kwanza kabla hujalipia bango. Winbox isifunguke kutoka nje, ingia kwa WireGuard. Na kabla ya yote leseni, kuuza huduma ya mawasiliano bila TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kukujua ni kujitafutia, na vifaa vyenyewe navyo viwe vimekubaliwa nao.

Zahanati au gesti yenye umeme wa kawaida na hakuna fundi: UniFi na UPS, apdeti ziwe za moja kwa moja alfajiri.

Shule au kikundi chenye vijana wa kujifunza: OpenWrt, hata kama mtaanza kwa rauta mbili za zamani zenye RAM ya kutosha. Mkipata hela kidogo nunueni OpenWrt One moja, iharibuni makusudi, muifufue kwa kile kiswichi. Kikundi kinachojua kufufua kifaa hakiogopi apdeti.

Halmashauri, mfadhili, chuo, mtu yeyote mwenye bajeti ya kusaidia wabunifu: msinunue maboksi mia ya aina moja halafu mkapiga picha. Kwenye tangazo la zabuni andikeni wati za mwisho mnazokubali kwa kila kifaa, volti kitakazopokea, na mwaka ambao apdeti zitakoma. Mistari hiyo mitatu itawaondoa wauza mtumba wenyewe bila ugomvi, na itampa nafasi kijana anayejenga kigeuza volti chake gereji Sinza ambaye hajawahi kuulizwa.

Una Cisco tayari na hela hakuna: isitazame intaneti moja kwa moja, weka mbele yake kitu kidogo kinachopata apdeti, na Smart Install zima leo.

Mama wa Changanyikeni tumempa mchanganyiko, hEX ya kugawa mlangoni, akses pointi sita za darini zenye OpenWrt, na betri moja chini ya ngazi. Ratiba inazima wifi ya korido saa saba usiku. Nilipomaliza alinyoosha mkono akaomba kile kipima wati, akakichomeka mwenyewe, akainama na miwani yake. "Thelathini na moja," akasoma. "Na friji yangu je?" Tukaenda jikoni.